Sahihi Mbili za Kwaresima

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika kambini kabla ya vijana, kama ilivyonipasa. Kitanda kigumu. Mbu wengi. Mungu ni mwema.

Niandike kwanza kilichonileta, ili baadaye nisijidanganye. Mjukuu wangu Hilla ametimiza miaka kumi na mitano, na juma hili anamaliza mafundisho yake ya kipaimara hapa, katika kambi ya usharika kando ya ziwa, pamoja na wenzake ishirini na watano. Mama yake, binti yangu Marketta, ameniambia kwa simu kwamba mtoto amekuja kambini kwa sababu rafiki zake wote wanakuja. Kuhusu kwenda altareni, hajui bado. Jumamosi kila kijana ataketi gatini na Mchungaji, wawili tu, na kusema kama anataka kubarikiwa siku ya Pentekoste au hataki. Na Mchungaji wetu, Anniina Vesala, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja na viatu vya michezo chini ya joho, atapokea jibu lolote. Lolote!

Hilla akisema hapana, basi imani iliyovuka vizazi saba katika nyumba yetu itakoma mikononi mwangu. Marketta huingia kanisani kwa harusi na maziko tu. Mjukuu mwingine niliye naye bado ni mdogo. Nina siku tano.

Nimejipatia nafasi ya mpiga kinanda wa kambi. Nimepiga kinanda cha kanisa letu miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza sababu, isipokuwa Oiva Ruuskanen. Huyu ni mpasua kuni wa kambi na mtunza sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke. Tulipata kipaimara siku moja, yeye na mimi, miaka sitini na mmoja iliyopita, na tangu siku ile hajaniheshimu. Alitazama kinanda changu kidogo kikishushwa garini, akaniuliza nimekuja kuwapigia samaki au vyura. Nilimjibu kwamba utani haufai siku ya kwanza ya kambi.

Hilla alishuka kwenye basi, akanivuta kando. Alikuwa na maombi mawili. Nisimwite mjukuu wangu mbele ya wenzake, na nisimwombee kwa jina hadharani. Nikampa neno langu. Ni ombi la haki.

Kufikia mwisho wa sala ya jioni nilikuwa nimefanya yote mawili. Katika sentensi moja.

Jumanne, 4 Juni

Baada ya uji Mchungaji aligawa kazi. Si kazi za kuchezea. Kijana mmoja amekabidhiwa mashua, mwingine sanduku la dawa, mwingine kengele. Hilla amekabidhiwa moto wa sauna: kuni, tanuri, maji, na kile kifuniko cha dohani ambacho kikisahauliwa kimefungwa, moshi wote hurudi ndani.

Nilimfuata Mchungaji hadi kwenye rafu ya vikombe. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba zama zetu kijana alikabidhiwa katekisimu, si kiberiti. Alinimiminia kahawa kwanza. Kisha akasema:

"Mzee Reino, nikimpa kufagia gati halafu asifagie, nani atajua? Sauna isipowaka, watu thelathini na kitu watamtazama yeye. Ikiwaka, watamtazama yeye vilevile."

Niliomba sukari.

Lakini mpango ulinijia nikiwa bado na kikombe mkononi. Hilla akifaulu vizuri mno katika kazi hii, moyo wake utafunguka. Na moyo uliofunguka husema ndiyo. Basi ni wajibu wangu kuhakikisha anafaulu. Saa nane mchana, vijana wakiwa darasani, niliingia sauna nikauwasha moto mimi, ili saa tisa aukute umekwisha kushika, aone ni baraka. Nilizipanga kuni kwa umbo la msalaba. Hazikushika. Nikazipanga kwa umbo la kuni. Zikashika. Nikaona dohani inavuta kwa uvivu, nikageuza kifuniko ili kiwe wazi zaidi.

Hakikuwa wazi zaidi.

Nilitoka kwa mlango wa upande wa ziwa, machozi yakinitiririka, nikajificha nyuma ya makasia. Hilla alikuja saa tisa kamili. Moshi ulikuwa unatoka hata kwenye nyufa za ukuta. Hakupiga kelele. Alilowesha taulo ziwani, akajifunga puani, akaingia. Nikasikia dirisha likifunguka, kisha kifuniko kikigeuka. Akatoka akikohoa, akaketi kwenye ngazi, akangoja moshi uishe, kisha akaanza moto upya, tangu kijiti cha kwanza. Sauna ilichelewa saa moja na nusu, na viti vyote vilikuwa vyeusi.

Mchungaji aliuliza mbele ya watu ni nani aliyefunga kifuniko. Hilla akasema sauna iko mikononi mwake, na viti atavisugua. Akavisugua.

Mimi nilinyamaza. Nimelitafakari jambo hili kwa kina, na nimeridhika kwamba kunyamaza kwangu kulimpa nafasi ya kukomaa.

Wakati wa chakula Oiva aliweka kibweta changu cha miwani kando ya bakuli langu la supu ya samaki. Kilikuwa kimefutwa vizuri. Alisema kimeokotwa chini ya tanuri.

"Kinanuka moshi kidogo," akasema. "Kama mwenyewe."

Sala ya jioni iliongozwa na Hilla. Aliisoma kwa sauti ndogo mno, na hakuinua macho. Nitamweleza.

Jumatano, 5 Juni

Nimemweleza. Hakupendezwa.

Leo ilikuwa siku yangu. Mchungaji aliniomba niwasimulie vijana habari za kipaimara changu mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa tangu majira ya baridi, kwa kurasa kumi na moja. Huu ndio mpango wa pili: kijana akiona mfano wa imani isiyotikisika, atatamani kufanana nao.

Nikawasimulia jinsi nilivyosimama mbele ya Askofu nikiwa na miaka kumi na mitano, nywele zimelazwa kwa maji, nikaikiri Imani ya Mitume tangu mwanzo hadi amina bila kukwaa. Hapo Oiva, aliyekuwa nyuma akichonga mpini wa shoka, alikohoa. Nikaendelea. Nikasema kwamba tangu siku ile sikuwahi kuyumba. Oiva akakohoa tena. Nikamshauri anywe maji.

Msichana mmoja aliinua mkono, akauliza kama kweli sijawahi kuwa na shaka, hata siku moja. Hata mke wangu alipofariki. Nikasema kamwe.

Niliona nyuso zikifungwa, moja baada ya nyingine, kama maduka saa ya jioni. Hilla alikuwa anatazama ziwa. Alikuwapo siku ya maziko ya bibi yake. Alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyeniokota kwenye banda la kuni nilipokataa kuingia kanisani. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nilikumbuka tu nilipoiona shingo yake.

Jioni niliwakuta wavulana wameketi kwenye ngazi za sauna, wekundu kama viazi vya kuchemsha, wanacheka na Oiva. Alikuwa anawasimulia alivyofeli mtihani wa katekisimu mara mbili, na jinsi siku ile ya Askofu jirani yake alivyoishiwa na maneno katikati ya Imani, ikabidi Oiva amnong'onezee mstari kwa mstari hadi mwisho, wakati Askofu akijifanya kutafuta miwani. Wakamwomba awatajie jina la jirani. Oiva akanitazama. Akasema amelisahau, uzee.

Hilo lilinikera kuliko kama angelitaja.

Wamemwuliza maswali kwa saa nzima. Mimi niliulizwa moja.

Alhamisi, 6 Juni

Mipango miwili imeshindikana, na Jumamosi inakaribia. Lakini leo mlango umefunguka.

Kila kijana ana kadi. Kuanzia vuli hadi masika anapaswa kuhudhuria ibada kumi, na baada ya kila ibada mchungaji au mpiga kinanda huandika tarehe na kutia sahihi. Mchungaji aliniomba nizipange kadi zote kwa herufi. Nilipofika kwenye ya Hilla, nilihesabu mara mbili. Sahihi nane.

Nane! Jumapili ya pili ya Kwaresima, hakuna kitu. Jumapili ya tatu, hakuna kitu. Katika majira matakatifu kuliko yote, bila shaka alikuwa amelala hadi mchana, simu juu ya mto, kama wanavyolala wote. Nilihuzunika sana. Nilihuzunika kwa dakika kumi hivi. Kisha nikaona yaliyo mbele: Jumamosi Mchungaji ataifungua kadi hii mbele yake, Hilla ataona aibu, na kijana mwenye aibu husema hapana ili amalize mazungumzo.

Nilifikiri kwa makini, kama nilivyofundishwa. Sahihi ni nini? Ni ushuhuda kwamba mtu alikuwapo. Na kuwapo ni nini? Hilla alikuwapo moyoni mwangu kila Jumapili ya maisha yake. Isitoshe, sahihi yangu imeheshimiwa katika usharika huu miaka arobaini na mmoja, na sikumbuki Kwaresima hata moja ambayo sikuwa kwenye kinanda.

Nilitia sahihi zote mbili. Herufi ya R ya pili ilitoka vizuri hata kuliko zile za kweli.

Hilla ameongoza sala ya jioni tena. Sijui kwa nini wanamrudia yeye kila mara, wakati kuna wengine wenye sauti. Lakini leo aliinua macho. Aliwaombea walio hospitali na wanaokaa kando ya vitanda vyao. Nilisema amina kwa nguvu. Nina amani kubwa.

Ijumaa, 7 Juni

Sina amani yoyote.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa gatini nikikausha vitabu vya nyimbo, ambavyo kijana wa mashua alivirushia maji kwa bahati mbaya. Hilla alikuja. Alikuwa na kadi mkononi. Hakuketi.

"Babu, hii sahihi ya nani?"

Nikasema ni yangu, kama anavyoiona.

"Na hii tarehe? Jumapili ya pili ya Kwaresima. Ulikuwa wapi siku hiyo?"

Nikasema nilikuwa kwenye kinanda, kama kawaida.

"Ulikuwa hospitali," akasema. "Walikupasua goti Alhamisi. Nilikuletea zabibu, ukasema zina mbegu. Tukacheza drafti, ukaniibia kete mbili. Na Jumapili iliyofuata ulikuwa nyumbani, mguu juu ya mto, nikakupikia uji kwa sababu ulikuwa huwezi kusimama. Ukasema hauna chumvi."

Nilitazama maji. Kulikuwa na upepo mdogo.

Aliendelea taratibu, bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Siku ya Jumatatu, siku ile ile ya kwanza, alikuwa amemweleza Mchungaji mwenyewe kwamba amepungukiwa ibada mbili. Hakutaja sababu, kwa kuwa hakutaka ionekane anajisifu kwa kumtunza babu yake. Wakakubaliana aongoze sala mbili za jioni badala yake. Jumanne na Alhamisi. Ameziongoza, na mimi nikamwambia sauti yake ni ndogo. Leo asubuhi Mchungaji alifungua kadi akakuta kumi.

"Amenitazama vizuri tu," Hilla akasema. "Hakunigombeza. Lakini ameniuliza kama kuna mtu nilimwomba. Nikasema hapana. Sijui kama ameniamini."

Nilisema nilifanya kwa upendo. Nilisema pia jambo kuhusu kuwapo moyoni, lakini halikusikika vizuri kama lilivyosikika Alhamisi.

"La sauna nilikubebea," akasema. "Kibweta chako nilikiona mimi. Nikampa mzee Oiva akurudishie, ili usiaibike. Hili silibebi. Kesho naulizwa ndiyo au hapana, Babu. Nitasemaje ndiyo nikiwa nimeshika kadi yenye uongo?"

Aliiweka kadi juu ya vitabu vilivyolowa, akapanda ngazi kwenda sauna, kwa maana saa tisa ilikuwa imefika na moto haujiwashi wenyewe.

Nimekaa na kadi hiyo tangu wakati huo. Nilimsingizia usingizi. Kumbe katika Jumapili zile mbili alikuwa kando ya kitanda changu, na mimi niliona mbegu za zabibu tu.

Jumamosi, 8 Juni

Baada ya uji nilikwenda kwa Mchungaji. Nilikusudia kuanza na swali la jumla, kuhusu hadhi ya nyaraka za kanisa katika nyakati za dharura. Alinimiminia kahawa, akaketi, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Sisi Wafini tunaweza kukaa kimya hadi kahawa ipoe, na tangu ujana wangu sikuwahi kushindwa katika hilo. Leo nimeshindwa na mtu mwenye viatu vya michezo. Nilikuwa katikati ya kikombe cha pili. Nilimwambia yote: sahihi, kifuniko cha dohani, hospitali, zabibu.

Hakushangaa. Alisema kambi ina kanuni moja kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo: aliyekosa husema mwenyewe mbele ya duara, kisha huingia zamu ya vyombo. Nikauliza kama kanuni hiyo inawahusu wenye pensheni. Akasema ndiyo kwanza leo inawahusu.

Nilisimama mbele ya vijana ishirini na sita. Nilisimama pia mbele ya Askofu zamani, lakini yeye alikuwa mmoja tu. Nikasema niliandika sahihi za uongo. Nikasema Hilla hakujua wala hakuomba, na kwamba alipungukiwa kwa sababu alikuwa ananitunza mimi. Nikasema moshi ulikuwa wangu. Baada ya hapo ilinipasa kuketi, lakini kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, mengine yalitoka yenyewe. Nikasema yule jirani wa Oiva aliyeishiwa maneno alikuwa mimi. Na nikamgeukia yule msichana wa Jumatano, nikamwambia kwamba mke wangu alipofariki sikuweza kuimba kwa miezi minne. Nilipiga kinanda tu, mdomo umefungwa, na sikujua kama kuna anayesikia.

Mvulana mwenye kofia nyekundu akasema, polepole, kama anayepima kitu:

"Kumbe hata nyie, mzee."

Oiva hakukohoa.

Waliniuliza maswali hadi kengele ya chakula. Sikuwa na majibu ya mengi, na niliposema hivyo hawakuondoka. Jambo hili sijalielewa bado. Kurasa zangu kumi na moja zilikuwa na majibu yote.

Jikoni, mkuu wa zamu alikuwa Hilla. Alinipa aproni. Nilipomaliza sahani za kwanza alizikagua juani, akanirudishia tatu.

"Chini kuna mafuta, Babu. Watu watakula humu."

Nikazirudia. Alizikagua tena, akaziweka rafuni. Alisimama hapo kando yangu kidogo, kisha akachukua kitambaa na kuanza kukausha, ingawa mkuu wa zamu hapaswi.

Saa kumi jina lake liliitwa. Kupitia dirisha la jikoni niliona migongo miwili gatini, mmoja mpana wa Mchungaji na mmoja mwembamba. Maji ya vyombo yalipoa mikononi mwangu. Walikaa muda mrefu kuliko wengine. Mara moja mgongo mwembamba uliinama, na Mchungaji hakuugusa. Alingoja tu mpaka uinuke wenyewe. Mimi ningeugusa. Ningeleta pia kitabu.

Hilla alirudi, akapita mbele ya dirisha, akaenda kuongeza kuni. Sikumuuliza. Nilijizuia muda wa saa nzima, na naamini malaika waliandika. Kisha nikamwomba Oiva amuulize.

"Muulize mwenyewe," akasema, "au subiri kesho kama wanaume wengine."

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Kanisa limejaa. Nimepiga kinanda kikubwa, na wimbo wa kuingilia niliupiga kwa kasi mno, kwa hofu. Vijana waliingia karibu wakikimbia, kanzu nyeupe zikipepea.

Niliwahesabu kutoka juu, kupitia kile kioo kidogo cha mpiga kinanda. Ishirini na sita. Ina maana yumo! Lakini kuvaa kanzu si kujibu. Mchungaji aliwaita kwa majina. Kila mmoja alijibu, na kisha akapiga magoti, na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe akaja kumwekea mkono kichwani pamoja na Mchungaji. Wengi walichagua mama wa ubatizo au baba wa ubatizo. Ni desturi.

Jina la Hilla likaitwa. Kinanda kilikuwa kimya, nami nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono yote miwili.

Alisema ndiyo. Kwa ile sauti yake ndogo. Ilifika hadi juu.

Kisha Oiva akainuka kutoka safu ya tatu, amevaa suti ya kahawia iliyofungwa kwa kifungo cha rangi nyingine, akaanza kwenda mbele. Alikuwa amemchagua Oiva! Sitaandika nilichowaza, kwa kuwa ilikuwa Pentekoste. Lakini Hilla hakupiga magoti. Aligeuka, akatazama juu, moja kwa moja kwenye kile kioo, akaniita kwa vidole viwili, kama anavyomwita mtu aje achukue zamu.

Ngazi za kwenye kinanda ni thelathini na moja, na goti langu zima ni moja. Kanisa zima lilisubiri. Marketta, aliyekuwa safu ya mbele, alifuta macho. Huenda ni vumbi. Tukasimama wazee wawili, mikono miwili yenye mabaka juu ya nywele zenye harufu ya moshi wa kuni. Mchungaji akanipa ishara niseme baraka, ile fupi, ambayo nimeisikia ikisemwa maelfu ya mara.

Haikuja. Hata neno la kwanza.

Nilisikia pumzi karibu na sikio langu la kushoto. Oiva alikuwa ananinong'onezea, neno kwa neno, na mimi nikawa ninayarudia kwa sauti, na chini ya viganja vyetu kichwa cha Hilla kilikuwa kinatikisika. Nilidhani analia. Baadaye aliniambia alikuwa anacheka, na kwamba alikuwa analia pia.

Baada ya ibada tulikunywa kahawa uani. Andazi la mdalasini. Hilla aliniambia jambo moja tu kuhusu yale ya gatini: kwamba hakuwa na uhakika wa kila kitu, na alimwambia Mchungaji hivyo, na Mchungaji akasema na yeye vilevile. Hapo ndipo aliposema ndiyo. Kisha akaniomba, kwa upole, nisimsaidie tena.

Nilimpa neno langu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi nyumbani. Kitanda laini. Hakuna mbu. Nimeketi mezani kutafakari nilichofundishwa na juma hili, maana mtu wa umri wangu hapaswi kuacha juma lipite bure.

Nimeona kwamba kijana hukomaa pale anapokabidhiwa kitu cha kweli, moto au mgonjwa au ukweli wenyewe. Na pale mkubwa aliye karibu naye anapothubutu kusema nimekosa. Nimeliandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake.

Lakini nikizidi kutafakari naona zaidi. Kama nisingetia zile sahihi, nisingekiri. Kama nisingekiri, vijana wasingezungumza, Hilla asingenirudishia sahani, wala asingeniita kutoka kwenye kinanda. Kila jema la juma hili limetoka kwenye kalamu yangu. Maongozi ya Mungu ni ya ajabu, na hayafai kupuuzwa.

Hilla ana mdogo wake, Eelis, mwenye miaka kumi na miwili. Naye atakwenda kambini, zamu yake ikifika. Neno langu nilimpa Hilla, Eelis hakutajwa. Mchana nilipita ofisi ya usharika, na kwa kuwa hapakuwa na mtu kaunta, nilijichukulia kadi tupu. Nimekwisha kumwandikia sahihi mbili za kwanza, ili aanze na moyo mwepesi. Safari hii sikurudia kosa la Alhamisi. Nilitazama kalenda kwa makini, nikachagua Jumapili mbili za Kwaresima ya mwaka wa zamu yake, ambazo bado hazijafika, hivyo hakuna mtu duniani anayeweza kusema kwamba sikuwapo.

Goti la pili limeanza kuniuma. Nimewaandikia hospitali barua ya heshima, nikiwaomba wasinipangie lolote majira hayo.